Lori la Kufugisha

Ukitoka Tukuyu kwenda Mbeya, ukifika Kyimo utaona njia ya udongo inayoiacha lami na kuingia migombani. Kabla haijaenda mbali, njia hiyo inapinda ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, inazunguka kipande cha majani, kisha inarudi kwenye mwelekeo wake wa awali bila kueleza lolote. Hakuna mwamba hapo. Hakuna kijito wala kaburi la chifu. Wageni husema aliyeichonga alikuwa amelewa. Huenda alikuwa amelewa, lakini sababu si hiyo.

Hapo ndipo Lorini. Wazee wa Kinyakyusa husema Paloli, na wanaeleweka. Kuna kaya kama kumi, kinyozi, hoteli ya chai na maandazi, chumba cha kuswalia chenye dirisha kubwa kuliko ukuta uliolibeba, na kengele ya kanisa ambayo kanisa lake liko ng'ambo ya bonde. Mvua hunyesha. Kiangazi nacho kipo, ila watu hukitambua kikishapita.

Vijiji vingi vya Rungwe vina asili ya heshima. Muulize mzee yeyote, atakutajia mababu walioshuka milimani na ng'ombe wao, nani alikaa wapi na nani alimfukuza nani. Lorini ilianzishwa na gia boksi.

Gia boksi hiyo ilikuwa ya lori la tani saba, mali ya shirika moja la umma ambalo jina lake lilikuwa refu kuliko barabara lilizozihudumia. Katika mvua za Machi mwaka 1983, lori lilikuwa likipeleka magunia matupu kwenda kuchukua kahawa ambayo ilikuwa bado haijaiva. Dereva alikuwa Ramadhani Issa, kijana wa Kondoa, mwembamba, mswalihina, mwenye kasoro moja ambayo siku zile haikuwa ya kawaida: akiambiwa jambo, alilifanya. Utingo wake aliitwa Meshaki.

Gia boksi ilipopasuka, watu walitoka migombani wakalisukuma lori pembeni, katika shamba la mzee Ambindwile. Ramadhani akamtuma Meshaki Mbeya.

"Kalete spea," alimwambia. "Usikawie."

Meshaki akaondoka na mvua yake kichwani. Baada ya hapo dereva mwingine wa shirika alipita, akasimama, akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Wakubwa wanasema linda lori mpaka spea ifike!" Hiyo ndiyo amri ya mwisho ambayo Ramadhani aliipata kutoka kwa mwajiri wake. Hakuna aliyeifuta.

Mzee Ambindwile alikuja kulitazama lori akiwa amejifunika jani la mgomba. Alikuwa mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache.

"Ndaga, tata," alisalimia kwa Kinyakyusa. "Hiki ni chako?"

"Cha serikali, mzee."

"Kitaondoka lini?"

"Spea ikija."

Mzee alilizunguka lori, akaligonga ubavuni kwa fimbo, akasikiliza. Kisha akawaita majirani wawili wawe mashahidi, maana ardhi haisemwi faraghani. "Basi likae hapa mpaka litakapoondoka. Nawe ukae nalo. Siku likiondoka, shamba langu linarudi kwangu na kwa wanangu."

Wote walicheka, kwa sababu walikuwa wakizungumzia wiki ijayo.

Ramadhani alilala kwanza ndani ya kebini, kisha katika kibanda, kisha katika nyumba. Mshahara ulikatika mwaka wa pili. Hakushangaa sana, kwani ulikuwa ukipitia njia ile ile ya spea. Akalima ndizi na viazi kuzunguka matairi. Alipokwenda kuposa Makandana, kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu, baba wa binti aliuliza mchumba ana nini. Aliambiwa ana lori. Mwanaamina aliletwa Lorini akiwa na matumaini makubwa, na alipoliona lori lenyewe limeota uyoga kwenye bodi, alikaa kwenye jiwe. Kisha akainuka akauliza jiko liko wapi. Ndoa nyingi zimeanza kwa maelezo marefu zaidi na hazikudumu.

Watu wengine waliletwa na lori lenyewe. Mtu alikuwa akitoka bondeni na mkungu wake wa ndizi, anaona lori limeelekea barabarani, anasimama kungojea liondoke apate lifti. Anayengoja hunywa chai. Ndiyo hoteli ikaanza. Anayengoja sana huota ndevu. Ndiyo kinyozi akaja. Kila aliyemwomba mzee Ambindwile mahali pa kujenga alipewa, na kila mmoja alipewa kwa maneno yale yale, mbele ya mashahidi: mpaka lori litakapoondoka. Ilikuwa ni sawa na kuambiwa mpaka mlima Rungwe utakapohama. Halafu likaja greda la kuchonga njia. Dereva wake alimuuliza Ramadhani kama anaweza kulisogeza lori kidogo. Ramadhani alimjibu kwamba hana idhini. Greda likazunguka. Ndiyo kona ile.

Siku moja, alfajiri, Ramadhani aliamka akakuta taa ya mbele ya kushoto imeibiwa. Aliitafuta bonde zima, akaikuta kwa mganga mmoja aliyekuwa akiitumia kutazamia mambo ya watu, akairudisha. Lakini hakupata tena usingizi. Mzee Ambindwile alimkuta amekaa kwenye bampa, macho mekundu.

"Wewe una ng'ombe mmoja tu, tena zizi halina mlango," mzee alimwambia. "Sisi hatulazi ng'ombe wote mahali pamoja. Wakija wezi watamaliza wote, ukija ugonjwa utamaliza wote. Fugisha."

"Nifugishe lori?"

"Kwani lina nini lisilofugishika?"

Desturi yenyewe ni rahisi. Mwenye ng'ombe humpa rafiki ng'ombe mmoja amfugie. Rafiki hukamua na kunywa maziwa, lakini ng'ombe hawi wake. Mwenyewe hupita kumtazama wakati wowote, na akipita hukaribishwa vizuri. Ng'ombe akifa, mfugaji huleta ngozi, ili isije ikawa aliuzwa mnadani akaitwa marehemu. Ramadhani aliyafikiria maneno hayo mpaka adhuhuri. Alikuwa ameambiwa alinde lori. Hakuambiwa alilinde likiwa limekaa pamoja.

Akalifugisha. Kiti cha abiria kilikwenda kwa kinyozi. Tangi la mafuta lilikwenda chini ya mchirizi wa hoteli, likawa linakinga mvua. Kioo cha mbele kilikaa kwenye chumba cha kuswalia, kwa kuwa Mungu naye ni jirani mwaminifu. Ringi moja ilining'inizwa mtini iwe kengele ya Wamoraviani, ambao walikuwa na waumini lakini hawakuwa na chuma. Mlango wa dereva ulifungwa kwenye jiko la mzee Ambindwile mwenyewe, pamoja na kitasa chake, na mkewe, bibi Veronika, akawa mwanamke pekee katika kata nzima anayeweza kuteremsha kioo ili atoe moshi.

Boneti ilileta mgogoro. Aliyefugishiwa aliiezeka juu ya banda la nguruwe. Ramadhani alipopita kukagua alisimama mbali akashika kichwa.

"Jirani, hapo hapana."

"Mbona umesema ni ya serikali? Serikali haina dini."

"Serikali haina, lakini mlinzi wake anayo."

Boneti ikahamishiwa kwa kuku. Kila Ijumaa baada ya swala, Ramadhani alijifunga shuka na kwenda kuzungukia lori lake, nyumba hadi nyumba, akigonga hapa, akifuta kutu pale. Alipewa chai, ndizi za kupika, mara nyingine maziwa mgando, kama anavyostahili mwenye mifugo. Matairi yalifariki kwa uzee: yalichongwa makatambuga, yakavaliwa mpaka yakaisha, na kila pea ilipoisha, mwenyewe alileta ukanda na kisigino kwa Ramadhani kama ngozi. Alivitunza vyote ndani ya gunia. Ukimuuliza lori liko wapi, alikujibu bila kupepesa macho: "Lipo. Limetawanyika kidogo."

Basi mwaka 1990, masika, mzee Ambindwile akafariki. Daraja la chini lilikuwa limechukuliwa na maji, seremala hakuwa na mbao, na maiti haingoji daraja. Mwanawe, Gwakisa, alikuwa Tunduma akifanya biashara ya mpakani. Simu ya maandishi ilimfikia baada ya kaburi kufukiwa. Bibi Veronika alimjia Ramadhani akiwa amefunga kanga kiunoni.

"Mwanangu, ile bodi ina mbao nne za ubavuni. Zile za mninga."

Ramadhani aliitazama bodi.

"Mfugishie," bibi alisema. "Alikupa pa kukaa. Na wewe mpe pa kulala."

Mbao zikapigwa randa, jeneza likapatikana, na kwa kuwa randa ilikuwa butu, upande wa ndani yalibaki maneno mawili ya rangi nyeupe ya shirika, MALI YA, ambayo yalimtazama marehemu. Msiba ulijaa, ng'ombe wakachinjwa. Bibi Veronika aliwaomba watu jambo moja tu: Gwakisa asiambiwe. Mtu mwenye ng'ombe wote wale kuzikwa katika ubavu wa lori si habari ya kumpokea nayo mtoto. Lorini nzima ilijua, na Lorini nzima ilinyamaza, jambo ambalo halijatokea huko kabla wala baada.

Wakati huo mambo yalikuwa yameanza kuruhusiwa. Sabuni ilirudi dukani, halafu maduka yakarudi. Nguo za mitumba zilifika Tukuyu kwa marobota, wazee wakawa wanakwenda shambani na makoti ya harusi za watu wa Ulaya. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na mizani yao ambayo kila moja ilikuwa na maoni yake. Redio ilisema mashirika yaliyoshindwa kujiendesha yatafilisiwa. Ramadhani alisikiliza kwa makini, akatingisha kichwa.

"Hayatuhusu sisi," alimwambia mkewe. "Sisi tunangoja spea tu."

Mwaka 1996 Gwakisa alirudi kutoka Tunduma na mkanda mpana na wazo. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimia wote, akampa mama yake blanketi, akalizunguka shamba la baba yake na kuhesabu hatua. Pale karibu na lami angejenga baa, na nyuma yake gesti, na mbele yake maegesho ya malori.

"Lakini lori moja tayari lipo," kinyozi alimwambia.

"Hilo ndilo linaloondoka," alijibu Gwakisa.

Alikwenda Mbeya ofisini kwa mfilisi wa shirika akawaonyesha mali waliyokuwa wameisahau. Wakamshukuru. Kilichobaki ni kulifuata. Gwakisa alirudi akawaeleza wakazi kwa upole, mmoja mmoja, kwamba neno la marehemu baba yake ni neno. Lori likiondoka, waanze kufungasha. Angewaacha wavune viazi kwanza.

Hapo Lorini ikapatwa na homa. Mtu wa hoteli alitaka kulizika tangi. Kinyozi alikikalia kiti usiku na mchana. Ujumbe wa watu ulikwenda kwa Ramadhani kumwomba kitu kidogo tu: apoteze.

"Sema liliibwa," walimwambia. "Nani atashangaa?"

"Lakini halikuibwa."

"Sema halionekani."

"Mimi naliona."

Walipoondoka, Mwanaamina aliacha kumenya ndizi, akamwelekezea kisu. Si kwa ubaya, ni vile tu kilikuwa mkononi.

"Baba Samira, niambie ukweli. Hakuna hata kipande kimoja ulichopoteza?"

"Hakuna."

"Hata nati?"

"Nati zimo kwenye kopo."

"Nchi nzima watu wamepoteza mali ya umma. Wamepoteza matrekta. Kuna waliopoteza ghala na bati zake. Wewe peke yako ndiye umeshindwa! Sasa twende wapi? Kondoa? Huko hata mbuzi hawakujui."

Ramadhani alitazama nje, mahali ambapo chasisi ilikuwa imelala majanini na mboga za maboga zikiipanda. "Mama Samira, miaka yote hii nimekaa hapa kwa sababu moja. Siku mwenyewe akija, nimkabidhi. Nisipokabidhi, basi nilikuwa nakaa tu."

Mwanaamina alirudi kwenye ndizi zake. Alijua aliolewa na nani.

Mfilisi alimtuma afisa wake, Cosmas, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye mafua yaliyoanza siku alipopangiwa kazi Nyanda za Juu Kusini. Alifika siku ya gulio na lori la kubebea, na pamoja naye mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu mnene mwenye koti la ngozi. Ramadhani alimtazama mnunuzi huyo kwa muda. Kisha akamwendea, mkono mbele.

"Meshaki! Umekuja na spea?"

Meshaki, maana alikuwa ni yeye, alitazama viatu vyake.

"Shikamoo, kaka Ramadhani."

"Marahaba. Spea iko wapi?"

"Kaka, niliambiwa itafika kesho. Nikangoja. Wakati nangoja nikauza karanga kidogo. Baadaye ..." Alionyesha koti lake, ambalo lilieleza yaliyobaki.

"Nilikwambia usikawie," Ramadhani alisema, na kwa upande wake jambo hilo likawa limekwisha.

Cosmas alipenga kamasi, akauliza lori liko wapi. Ramadhani alimwomba akae kwenye jiwe, akaigonga kengele ya Wamoraviani. Watu wakaanza kuja, taratibu na kwa nyuso za kilio, kila mmoja na kipande chake. Mlango. Kiti, na kinyozi amekishika kama maiti ya ndugu. Boneti yenye mavi ya kuku. Kioo cha mbele kilibebwa na watu wanne, na kupitia kwacho Cosmas aliiona Lorini nzima ikimjia. Mwisho gunia la makatambuga lilimwagwa miguuni pake.

"Haya ni nini?"

"Matairi," alisema Ramadhani. "Hizo ni ngozi zake."

Cosmas aliokota kisigino kimoja akakigeuza. Alikuwa amefilisi mashirika kadhaa, na kote alikokwenda alikuta walinzi wakiwa na maelezo marefu na maghala yakiwa matupu. Hakuwahi kukuta mlinzi mwenye viatu vilivyokufa. Akaomba maji ya kunywa.

Mzee mmoja wa baraza alisimama na fimbo yake. "Mheshimiwa, sisi tunataka kuelewa. Neno la Ambindwile ni mpaka lori litakapoondoka. Sasa, ng'ombe akitoka zizini akabakiza mkia, ametoka?"

"Hajatoka!" walijibu wote, haraka kuliko inavyofaa.

Gwakisa aliinua mkono. "Wazee wangu, mmesema vizuri. Nisije nikaambiwa kesho kwamba kuna kipande kimebaki. Kwa hiyo nasema mbele yenu: kila chuma, kila nati, kila ubao upakiwe leo. Kisibaki hata kimoja katika ardhi ya baba yangu."

Meshaki alicheka. "Mimi nataka chuma tu, ndugu yangu. Mbao achana nazo."

"Hapana. Kila ubao!" Gwakisa aliitazama bodi, ambayo watu walikuwa wameiweka majanini. Alikuwa mfanyabiashara, macho yake yalizoea kuhesabu shehena. "Ubavu wa kulia hauna mbao. Ziko wapi?"

Mtu wa hoteli aligundua kwamba anga lina mawingu. Kinyozi alianza kupangusa kiti.

"Mzee Ramadhani, mbao za kulia ziko wapi?"

"Zipo," alisema Ramadhani.

"Zipo wapi?"

"Zipo kwa aliyefugishiwa."

"Ni nani huyo? Azilete!"

Wenzake walikuwa wakimtazama Ramadhani kwa macho ya watu wanaozama. Neno moja tu lingetosha. Angelisema, wote wangebaki. Mwanaamina alimfinya mkono kwa kucha. Ramadhani alifungua mdomo, akamwona bibi Veronika amesimama mlangoni mwa jiko lake, mlango ambao sasa ulikuwa tundu tu, akafunga tena mdomo.

"Siwezi kusema," alisema. "Niliombwa."

"Basi umeziuza!" Gwakisa alipaza sauti. "Mheshimiwa, andika: huyu ameuza mbao za serikali. Afungwe! Miaka yote mnamsifu mwaminifu, mwaminifu, kumbe mwizi kama wezi wengine!"

Katika maisha yake yote Ramadhani alikuwa ameitwa mjinga, mshamba wa Kondoa, na mume wa lori. Neno hili lilikuwa jipya. Alikaa chini kwenye bampa.

"Gwakisa," bibi Veronika aliita. Hakupaza sauti. "Njoo hapa, mwanangu."

Gwakisa akamwendea.

"Unazitaka hizo mbao?"

"Nazitaka, Mama. Zote."

"Vizuri. Jembe lilikuwa nyuma ya mlango. Mlango mmeuchukua, kwa hiyo utaliona tu. Ukilichukua, zunguka nyuma ya nyumba, penye yale maua. Chimba taratibu upande wa kichwani, asiamke vibaya."

Ilimchukua Gwakisa muda kuelewa, na Lorini nzima ilimngoja. Alitazama nyuma ya nyumba, akamtazama mama yake, akawatazama watu, na wote walikuwa wakijua, hilo lilionekana.

"Jeneza la Baba?" alisema.

"La mninga. Daraja lilikuwa limekatika. Huyu unayemwita mwizi ndiye aliyemvika baba yako, na akaahidi kunyamaza ili wewe usione aibu. Leo ulitaka kumfunga, bado akanyamaza. Sasa chimba."

Gwakisa alivua kofia. Hakuwa nayo muda mrefu kichwani, aliinunua Tunduma, na alipoivua ilionekana kwamba upara wa baba yake ulikuwa umeshamfikia.

Meshaki alikohoa. "Jamani poleni. Lakini chuma naweza kupakia?"

Ramadhani aliinuka kwenye bampa. "Hapana," alisema. "Mimi nilikabidhiwa lori zima. Nitakabidhi lori zima. Pungufu sikabidhi, maana kesho nitaulizwa mimi."

Cosmas alimtazama mtu huyo kwa hisia ambayo katika ofisi yake haikuwa na mahali pa kuandikwa. Na yeye aliagizwa kuuza lori zima. Mwenzake wa mkoa mwingine aliuza vipande, akavinunua mwenyewe, na sasa yuko rumande. Alipenga kamasi tena.

"Nisaidieni jambo moja," alisema. "Hizo mbao, tangu mwaka 1990, si zitakuwa zimeshaoza? Zikioza, si ni sawa na ng'ombe aliyekufa?"

Swali lilikuwa zuri, na kwa kitambo Lorini iliogopa upya. Mzee wa baraza alimgeukia Ramadhani.

"Mninga hauozi upesi, mheshimiwa," alisema Ramadhani, kwa fahari kidogo. "Shirika lilinunua mbao nzuri. Na hata zikioza, ngozi yake ataileta nani?"

Hilo likawa limekata shauri. Cosmas alitangaza kwamba lori lipo, halijatimia, na kwa sasa haliwezi kuondoka. Atarudi akipata maelekezo. Alikunywa chai, akapewa mkungu wa ndizi, akaondoka na mafua yake. Maelekezo hayajafika. Inasemekana ofisi ya mfilisi nayo ilifungwa baadaye, na mali zake zikakabidhiwa kwa mtu wa kuzifilisi. Meshaki alibaki nyuma kidogo, akamshika Ramadhani bega.

"Kaka, hiyo spea. Naweza kukutafutia. Siku hizi zipo, hata za mtumba."

Lorini nzima ilimfukuza kwa maandazi.

Jioni ile watu walirudi kuchukua mifugo yao, na kukawa na ugomvi, kwa sababu kila mmoja alidai aliyekuwa naye alikuwa bora kuliko aliyerudishiwa. Mtu wa kuku alitaka mlango. Wamoraviani walisema ringi imebadilika sauti. Ramadhani aliamua kesi zote akiwa amesimama juu ya chasisi, na Mwanaamina alimletea uji pale pale bila kusema neno, ila aliutia maziwa.

Watu walipopungua, Gwakisa alikuja. Alisimama mbali kwanza, kama wale waliokuwa wakingoja lifti.

"Shikamoo, mzee Ramadhani."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimefikiri. Gesti nitaijenga upande wa juu, panatosha." Alikwaruza udongo kwa kiatu. "Nilikuwa nauliza. Kama kuna kipande kimebaki. Nami nikufugie."

Ramadhani alimtazama juu hadi chini, kama mtu anayepima zizi la mgeni. Akatia mkono ndani ya gunia, akaupitisha kwenye visigino na kanda, akatoa waipa moja iliyobaki na mpira wake nusu.

"Huyu ni ndama tu," alisema. "Mtunze, halafu tutaona."